Jinsi utafiti wa Dokta wa kusoma kwa kompyuta ulivyogeuka ngoma ya mashindano pale Mabatini, Mwanza

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawasalimu kwa mikono miwili.

Hii stori nimetembea nayo miaka mingi. Kila nikiisimulia kijiweni naambiwa nimeongeza chumvi. Leo naiweka hapa, na chumvi nimeiacha jikoni kwa mke wangu. Asiyeamini namsamehe kabla hajaandika comment, maana hata mimi niliyekuwepo kuna siku najiuliza.

Nimechokozwa na mwanachama mmoja aliyeleta mada eti kusoma kwa mtandao Tanzania kumeanza enzi za korona.

Mkuu, pole. Sisi watu wa Mabatini tulisoma kwa mtandao wakati wewe bado unanyonya. Tena tulisoma na ngoma juu.

Tulieni niwape.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni mwishoni huko. Soko huria limeshaingia na kila mtu anauza kitu. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia, na tunayala kwa furaha kabisa. Mitumba imejaa. Mabanda ya video kila kona. Ushirika wa pamba umeshalala usingizi, maghala yake yamebaki na popo na mbegu za pamba sakafuni.

Mimi Bahati nilikuwa kijana mbichi. Nilimaliza darasa la saba, nikafaulu, lakini sikuchaguliwa. Wa umri wangu mnalijua hilo neno. Unafaulu vizuri tu, halafu nafasi za sekondari zinaisha kabla hawajafika kwenye jina lako. Baba alinipa mkono wa pongezi na wa pole siku hiyohiyo.

Nikapata kazi kwenye banda la video. Kazi yangu ilikuwa kurudisha kanda nyuma, na kuwatafsiria watazamaji sinema za Kichina. Kichina sijui hata salamu. Nilikuwa natunga tu. Yule mzee mwenye ndevu akifungua mdomo, mimi namsemea anadai mahari ya binti yake, na banda zima linaelewa kwa nini watu wanapigana.

Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja. Nilitaka kusoma sekondari. Nilitaka kuwa rubani. Kila ndege ikipita juu ya ziwa kuelekea uwanjani nilikuwa nasimama barabarani naikagua kama fundi wake.

Basi, siku moja akaja Dokta.

Dokta Kamugisha, msomi wa chuo kikuu, Mhaya wa upande wa Bukoba. Mrefu, suruali imepigwa pasi inaweza kukata mkate, Kiswahili chake kimevaa tai. Akakodi lile ghala la pamba la Mabatini, akalipaka chokaa, akavuta waya wa simu, akaleta kompyuta. Moja. Ilikuja kwenye boksi, imefungwa kwenye blanketi, wanaume wanaishusha kama vile wanashusha mgonjwa.

Akaita watu wote waliomaliza la saba na hawakuendelea. Tulikuja wa Mabatini, wa Buhongwa, hadi wa Usagara njia panda walikuja na baiskeli. Vijana kwa wazee.

Akatueleza kwamba anafanya utafiti. Anataka kujua kama mtu anaweza kusoma masomo ya kidato cha kwanza wakati mwalimu wake yuko Dar es Salaam, somo likapita kwenye waya wa simu na kutokea kwenye kompyuta. Angeanza na baiolojia. Akipata jibu linaloeleweka, wafadhili wake wataiacha mashine palepale Mabatini, na masomo yataendelea kidato cha pili, cha tatu, hadi cha nne. Asipopata jibu, mashine inarudi kwenye boksi na inaondoka.

Wakuu, mimi pale nilisikia kitu kimoja tu. Kidato cha pili. Nikaiangalia ile kompyuta kwa huruma, kama mtoto yatima ambaye lazima apate pa kulala.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na naomba msome polepole.

Dokta akasema, kwa sauti yake ya darasani: "Mtagawanyika makundi mawili. Mtasoma saa moja, kiwanja kimoja. Kundi la kwanza litatumia mashine, la pili litakuwa na mwalimu na ubao. Mwisho tutaona lipi limefanya vizuri zaidi."

Ghala likalipuka vigelegele.



Dokta alitabasamu. Alidhani tumeupenda utafiti. Alikuwa Mhaya, hakujua amesema nini.

Kwa wasio Wasukuma niwaelezee. Kwetu kuna ngoma za mashindano, baada ya mavuno. Pande mbili zinacheza siku moja, saa moja, kiwanja kimoja. Kila upande una manju wake, mtunzi na mwimbishaji. Hakuna jaji wala kadi. Jaji ni miguu ya watazamaji. Watu wakihama kutoka upande huu kwenda ule, upande uliohamiwa ndio umeshinda. Kwa hiyo kila upande utafanya kila kitu duniani ili kuvuta watu. Wengine wanacheza na nyoka, wengine wanalima kwa kucheza, wengine wana dawa za mvuto.

Dokta, bila kujua, alikuwa ametangaza mashindano. Na alitangaza kwa usahihi kabisa, hakuacha hata kipengele.

Akapitisha sufuria lenye vikaratasi tukachota, mimi nikaangukia mashine. Pamoja nami alikuwepo Mzee Masanja, mfugaji wa Buhongwa, mzee kuliko wote, ambaye enzi zake alikuwa mchezaji ngoma anayejulikana hadi Magu. Upande wa ubao akaangukia Limbu, muuza nyama, mdomo kama spika ya mkutano. Mwalimu wao alikuwa Mwalimu Nyangeta, mama mmoja Mjita, mwembamba, mkali, aliyekuwa anatembea na chaki sikioni.

Tulipotoka tu mlangoni Limbu akaanza. Akasema poleni sana, nyie mmepewa mwalimu asiye na miguu.

Nikajua tumeanza.

Masomo ya mwanzo yalituwia magumu upande wetu, na sababu yake ilikuwa salamu.

Dokta alitaka tuingie mmoja mmoja, kila mtu na mashine peke yake. Tukakataa. Nani anakula peke yake? Tukaketi wote mbele ya kioo kimoja, mimi nikawa msomaji kwa sababu nina macho na nimezoea kutafsiri.

Somo likaingia. Kabla halijaingia ile modemu, kidude cha kuunganisha mashine na simu, ilipiga kelele yake, wale wa zamani mnaijua, kama paka wawili wanagombana ndani ya bomba. Kisha maandishi yakatokea: "Chembe hai ni..."

Mzee Masanja akanyanyua mkono akasema nisimame. Akauliza huyu aliyeko ndani ana umri gani. Dokta akajibu mashine ni mpya kabisa, ina mwaka. Mzee akasema basi ni mtoto, na mtoto hamvamii mtu mzima na chembe hai bila shikamoo. Akakunja mikono. Na sisi wote tukakunja.

Dokta alijaribu kueleza kwa muda mrefu, na nyie wenye wazee Wasukuma mnajua ilivyokwenda. Mwisho akaketi akamwandikia mwenzake wa Dar aliyekuwa anatuma masomo.

Somo lililofuata lilifunguka hivi: "Shikamoo Mzee Masanja."

Mzee akavua kofia. Akaiinamia mashine akasema: "Marahaba mwanangu. Haya, lete hizo chembe."

Tatizo ni kwamba wengine wote nao wakataka zao. Basi kila somo likawa linaanza na salamu za watu wote, na habari za ng'ombe, na pole kwa mwenye mgonjwa. Yule msomi wa Dar aliyekuwa anaandika nadhani alianza kutupenda, maana alifika mahali akawa anauliza mwenyewe kama ndama wa Mzee amepona.

Upande wa pili wakati huo Mwalimu Nyangeta alikuwa anafundisha kawaida tu, ubao na fimbo. Lakini watu wake hawakutaka kawaida. Watazamaji walikuwa wameshaanza kujaa uwanjani, wale akina mama wa sokoni, mafundi baiskeli, wapita njia, wanachungulia madirisha ya pande zote mbili. Na wengi walikuwa dirishani kwetu kusikia modemu ikilia.

Limbu hakulala. Ilipofika mada ya mfumo wa chakula, walitoka nje ya ghala, wakajipanga mstari.

Wa kwanza alikuwa mdomo. Anayefuata umio. Limbu tumbo, na alifaa. Halafu utumbo mwembamba, vijana wengi wameshikana mikono wanajizungusha, halafu utumbo mpana. Mwalimu Nyangeta akampa mdomo andazi. Andazi likawa linapita mkono kwa mkono, kila anayelipokea anacheza kazi yake na kuimba inafanya nini, analimega, analipitisha, hadi mwisho wa mstari.

Mwisho wa mstari palikuwa na mgogoro, hakuna aliyekubali kuwa pale. Walimalizana kwa kuamua kwamba atakuwa anayechelewa kufika. Wakuu, sijawahi kuona kundi la wanafunzi watu wazima linawahi shule kama lile.

Uwanja mzima ukahamia kwao. Dirishani kwetu akabaki mbuzi.

Siku hiyo nilishindwa kula. Nilikuwa nawaza, hawa wakishinda, mashine itaonekana haina maana, itapakiwa, na kidato cha pili kitaondoka nayo. Nikaenda kwa bosi wangu wa banda la video nikamwomba spika zile kubwa za siku za sinema za mapigano. Akanipa, kwa sharti kwamba nitangaze banda lake kila baada ya somo.

Tukazifunga dirishani. Somo lililofuata modemu ilipolia, ililia hadi wenye maduka kule barabarani wakatoka nje. Mbwa wakajibu. Mama mmoja akapiga magoti akidhani ndio mwisho wa dunia, tukamwinua tukampa nafasi ya mbele. Na mimi, manju wa upande wa mashine, nikasimama juu ya gunia nikaimbisha mzunguko wa damu. Damu inatoka moyoni kama lori la Shinyanga, imepakia hewa safi, inashusha kila kijiji, inarudi tupu inapitia mapafuni kupakia tena. Wenzangu wanaitikia kwa kupiga vifua.

Watu wakarudi wote. Mbuzi akakosa nafasi.

Kuanzia hapo ikawa hakuna kulegea. Na kulikuwa na kitu kingine, upelelezi. Kwenye ngoma zetu lazima umtume mtu akasikilize nyimbo za upande wa pili, ili manju atunge za kuwakejeli. Wao walimtuma shemeji yake Limbu ajifanye anauza karanga. Sisi tulimtuma dada mmoja mpole wa kwaya.

Sasa sikilizeni, hili ndilo jambo lenyewe. Huwezi kumkejeli mtu kwa kitu usichokijua. Nikitaka kumtukana Limbu kwamba tumbo lake halina asidi, lazima nijue asidi inafanya nini tumboni. Kwa hiyo sisi tulisoma somo letu, halafu tukakaa kulichambua somo lao neno kwa neno ili tupate la kuchekea. Na wao hivyohivyo. Limbu aliwahi kutuimba kwamba moyo wetu una vyumba vitatu kama wa chura. Nikaumia. Nikaenda kusoma habari za chura ili nimjibu.

(Mnaouliza mada ya uzazi ilikuwaje. Siku hiyo watazamaji walikuja wengi kuliko siku zote, hadi juu ya paa. Mwalimu Nyangeta akafundisha uzazi wa mhindi. Mhindi wa shambani. Mbelewele na hariri. Watu waliondoka wameinamisha vichwa.)

Dokta alikuwa anakonda. Alizuia ngoma, tukasema haya, tukaleta kayamba. Akaweka mapazia madirishani, watazamaji wakaongezeka, maana kilichofichwa kina utamu wake. Asubuhi moja akakuta unyoya wa kuku umechomekwa kwenye ule mdomo wa kompyuta wa kuingizia diski. Ilikuwa dawa ya mvuto, sitasema nani aliiweka, ila Mzee Masanja alikuwa anatazama dari. Dokta akauchomoa taratibu kwa vidole viwili, akauweka mfukoni.

Jioni ile nilimkuta amekaa peke yake kwenye gunia la mbegu. Nikampelekea chai. Akaniambia, "Bahati, natakiwa nionyeshe tofauti ya makundi mawili, moja lenye mashine na moja lisilo nayo. Nyie mmeshakuwa kitu kimoja chenye pande mbili. Nitapima nini?"

Sikuelewa sana. Nikamwambia asijali, tutashinda. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekupulizia kidonda kwa mdomo wenye pilipili.

Ikafika siku ya mgeni.

Alikuwa mama wa Kizungu kutoka kwa wafadhili, mtu mzima, viatu vya safari ndefu, Kiswahili chake kimetoka kitabuni moja kwa moja na bado kina vumbi la kitabu. Alikuja kuangalia somo la mwisho, kisha mtihani, kisha aamue palepale mashine inabaki au inaondoka naye. Gari lilikuja na boksi tupu nyuma. Niliona lile boksi, wakuu, moyo ukapoteza chumba kimoja.

Uwanja ulijaa kama siku ya sikukuu. Mzee Masanja alivaa nguo zake za ngoma, njuga miguuni, na kalamu mbili kifuani kwa heshima ya mtihani. Dokta aliomba utulivu. Utulivu ukaja, ukakaa kidogo, ukaondoka.

Tukaanza pande zote kwa pamoja.

Sisi tukawasha mashine, spika juu, modemu ikaanza kulia vizuri kabisa. Mgeni akageuka kwetu. Akapiga hatua. Watu wakamfuata. Nikasema moyoni, tumempata.

Umeme ukakatika.

Ni mgao ule wa enzi zile, haukuwa na adabu kwa wageni. Modemu ilikata katikati ya mlio, na uwanja mzima ukasikia ukimya. Limbu akapaza sauti kutoka upande wa pili: "Poleni kwa msiba, jamani. Mnazika leo au mnasubiri ndugu wa Dar?"

Mgeni akageuka kwenda kwao. Na kule wakampokea kwa mikono yote miwili, maana walikuwa na shida. Mstari wa mfumo wa chakula ulikuwa na upungufu. Mwalimu Nyangeta akamweleza kwa unyenyekevu kwamba ini lao limeenda msibani Usagara, na bila ini mafuta hayasagiki. Sijui yule mama aliwaza nini. Alishtukia tu amesimama pembeni ya Limbu, ameshikishwa jagi la maji ya mchicha yawe nyongo, andazi linakuja, na watu wote wanamsubiri.

Akamwaga. Akamwaga kwa uaminifu kabisa, mikono imelowa mpaka kiwiko. Shangwe iliyopigwa nadhani Ukerewe walisikia.

Kwetu tulikuwa tumekwisha. Kioo cheusi. Wenzangu wananiangalia mimi manju. Nilikuwa naliona lile boksi tu.

Ndipo Mzee Masanja akasimama. Akatikisa njuga mara moja. Akageukia kile kioo cheusi akasema, "Pumzika mwanangu, leo tunakusemea sisi."

Akaanza somo la kwanza kabisa, chembe hai, kwa kichwa. Anapokwama namshika mkono na wimbo. Tukaingia moyo, tukaingia mapafu, figo, kila kitu kilichopita kwenye ule waya, hakuna umeme wala kitabu, tunaimba na kupiga vifua. Tulipoishiwa masomo yetu tukaingia yao, kwa sababu tulikuwa nayo yote kwa ajili ya matusi. Upande wa Limbu wakasikia masomo yao yanaimbwa na adui, wakachukia, wakaanza kuimba yetu.

Mgeni akatoka kwenye mstari na jagi lake mkononi. Akaja hadi katikati ya uwanja. Akasimama. Anageuka huku, anageuka kule, nyongo inamdondokea viatuni. Na watazamaji wote, wakuu, wote, walikuwa wamesimama palepale nyuma yake, hakuna aliyeenda upande wowote.

Baadaye tukafanya mtihani, kimya, jua la mchana. Dokta na mgeni wakajifungia ghalani kusahihisha. Sisi nje hakuna aliyemtania mwenzake. Limbu alinipa mua. Tukatafuna bila kuangaliana.

Mlango ulipofunguka Dokta alikuwa mweupe kwa chokaa ya ukuta, nadhani alikuwa ameegemea. Angeweza kudanganya. Karatasi alikuwa nazo yeye. Lakini alisema wazi mbele za watu kwamba makundi yote mawili yamefanya vizuri mno, na kwamba tofauti hakuna. Hata ya kuokota.

Mgeni akaongea taratibu, na niliona hata yeye hapendi anachosema. "Ikiwa hakuna tofauti, basi mashine haina sababu ya kubaki hapa."

Dereva akaanza kushusha lile boksi.

  Nilimwona Mwalimu Nyangeta anatoa chaki sikioni anairudisha. Nikamwona Limbu, yule adui yangu, amesimama mbele ya mlango wa ghala na upana wake wote, eti amechoka anapumzika hapo.

Mzee Masanja akamsogelea mgeni. Akamsalimia upya, habari za safari, habari za nyumbani kwake. Akamwuliza kwa upole asubuhi alikuwa anashangilia upande gani.

Mgeni akasema hakushangilia upande wowote, yeye ni mtazamaji tu.

"Ulisimama wapi?"

"Katikati."

Mzee akageukia uwanja kama wakili aliyemaliza kesi. Akasema, "Mama, hawa watu hawakufungwa wala hawakushinda. Wametoka sare. Na sare umeileta wewe. Ungeenda huku au kule tungekuwa tumemaliza."

Watu wakaguna kukubali. Hiyo ndiyo sheria, na kila Msukuma pale aliijua, ila hakuna aliyekuwa ameifikiria. Mzee akaimalizia. "Kwetu sare haipakiwi kwenye gari. Sare inarudiwa mavuno yajayo, kiwanja kilekile, vyombo vilevile. Na mtazamaji aliyesimama katikati lazima awepo, maana ana deni la miguu."

Mgeni alimtazama Dokta. Na hapo, wakuu, Dokta Kamugisha ndipo nilipompenda milele. Alijinyoosha, akavaa miwani, akafungua Kiingereza kirefu chenye madaraja, kimepinda kikanyooka, akimtafsiria yule mama sheria ya ngoma ya Kisukuma iwe sheria ya utafiti. Niliambulia neno moja tu, repeat, yaani kurudia. Lakini nilimwona mama anatikisa kichwa, kwanza kidogo, halafu sana. Niliona anaangalia viatu vyake vya kijani.

Akauliza, kwa kile Kiswahili chake: "Je, mwakani ini litakuwa limerudi kutoka msibani?"

Mzee Masanja akafikiri. "Misiba ya Usagara ni mirefu, mama."

Mgeni akacheka mpaka akakaa chini. Dereva akarudisha boksi kwenye gari, tupu kama lilivyokuja.

Mashine ilibaki. Nikasoma kidato cha pili pale pale ghalani, na baadaye nikafanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa binafsi. Hesabu zilinikataa, sitaki kuwadanganya. Baiolojia niliipiga vizuri hadi msimamizi aliniuliza nilisoma shule gani ya bweni. Rubani sikuwa. Bado, lakini. Sijafa.

Nilichojifunza ni hiki. Sasa hivi mwanangu wa kike anasoma kwa simu, kozi nzuri, mwalimu mzuri, picha zinatembea. Anasoma wiki moja, anaacha. Wengi wanaacha. Wasomi wanatafuta kasoro kwenye bando na kwenye programu, na labda ipo huko, mimi si msomi. Ila mtoto anasoma chumbani, mlango umefungwa, hakuna anayechungulia wala wa kumkejeli akikosea, na akipatia hakuna wa kuumia. Juzi nikamwambia anifundishe mimi hilo somo, kisha nitamwimba vibaya mbele ya mama yake. Amerudi kwenye kozi. Ana hasira na mimi, lakini anasoma.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wewe unayesoma kwa simu, nani anasoma upande wa pili wako? Na nyie wenye kubisha, bisheni, ila kabla ya kubisha semeni kwanza mmesimama upande gani.